Nani Alivunja Kikombe? Kauli ya Kutendwa katika Kiingereza na Ugomvi Wake

Darasani mwalimu anaandika ubaoni "Juma kicked the ball", kisha anataka sentensi igeuzwe. Wanafunzi wanaitikia "The ball was kicked by Juma", na alama zinapatikana. Miaka kumi baadaye mwanafunzi yuleyule ameajiriwa na anaandika ripoti kwa Kiingereza. Programu ya kukagua sarufi inampigia mstari kila penye "was" na "were". Mhariri anamwambia aifute kauli ya kutendwa yote kwa kuwa inalegeza maandishi. Akienda kwa msimamizi wa tasnifu yake anaambiwa kinyume: asithubutu kuandika "I", aseme "The samples were collected". Amri tatu zinamvuta huku na huku, na hakuna aliyemweleza kauli hiyo ina kazi gani.

Mkanganyiko huu una mizizi miwili. Shule hufundisha umbo na kuacha matumizi, hivyo mwanafunzi hujua kugeuza sentensi bila kujua kwa nini mtu aigeuze. Nje ya shule, waandishi wa Kiingereza wenyewe wamegombana juu ya kauli hii kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila upande umetoa amri fupi zinazokaririwa bila hoja zilizozizaa. Uchambuzi huu unafukua hoja hizo, unazipima, kisha unaangalia jambo ambalo vitabu vya Kiingereza haviligusi: Mswahili anaikuta kauli hii akiwa na mazoea gani ya lugha yake?

Umbo lake, na lisilo umbo lake

Kiswahili hupachika kiambishi. Tunachukua "andika", tunaweka "-w-", tunapata "andikwa", na kazi imekwisha ndani ya neno moja. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kinahitaji kitenzi kisaidizi "be" kikiwa katika wakati unaotakiwa, na kitenzi kikuu katika umbo lake la tatu, lile linalokaririwa mwishoni mwa "write, wrote, written". Ndiyo maana tunapata "is written", "was written", "has been written", "will be written" na "is being written". Kisaidizi ndicho kinachohangaika na wakati; "written" haitikisiki. Mtenda akitajwa hufuata "by". Katika mazungumzo "get" huweza kushika nafasi ya "be", kama katika "He got arrested".

Hapa pana mtego wa kwanza. Si kila "was" ni dalili ya kutendwa. "The meeting was long" inaeleza sifa ya mkutano. "There was noise" inasema kelele ilikuwepo. "She was sleeping" ni kauli ya kutenda, maana anayelala ndiye kiima. Kipimo ni kimoja: je, kiima ndicho kinachopokea tendo la kitenzi? Katika "The thief was caught" mwizi ndiye aliyekamatwa, na swali la "na nani?" lina mahali pa kusimama. Katika "The meeting was long" swali hilo halina maana.

Jambo la pili la kujua ni kiasi cha matumizi. Douglas Biber na wenzake, katika sarufi kubwa ya Longman iliyotoka mwaka 1999, walihesabu vitenzi katika mkusanyiko mpana wa maandishi na mazungumzo. Katika maandishi ya kitaaluma kauli ya kutendwa ilifikia takriban robo ya vitenzi, katika habari za magazeti takriban asilimia 15, na katika mazungumzo takriban asilimia 2. Walionyesha pia kwamba mara nyingi mtenda hatajwi kabisa. Kwa hiyo zoezi la darasani, ambalo daima humalizikia na "by Juma", linafundisha sura iliyo adimu kuliko zote.

Jinsi ilivyogeuka kuwa kosa

Chuki dhidi ya kauli hii si ya kale. Mpaka karne ya 18 Mwingereza aliweza kusema "the house is building" akimaanisha nyumba inajengwa. Umbo la "is being built" lilipoenea, wakosoaji wa karne ya 19, akiwemo Mmarekani Richard Grant White, waliliona baya na la ovyo. Leo hakuna anayelishangaa. Hata hivyo ugomvi wao ulikuwa juu ya umbo hilo moja tu, wala haukuhusu kauli ya kutendwa kwa ujumla.

Vita vyenyewe vilianza katika karne ya 20. Mwaka 1918 William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichapisha kijitabu cha uandishi kwa ajili ya wanafunzi wake, na humo akahimiza kauli ya kutenda. Mwanafunzi wake wa zamani, E. B. White, alikifanyia marekebisho mwaka 1959, nacho kikaenea katika shule na vyuo vya Marekani. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1946, George Orwell aliandika insha juu ya siasa na lugha ya Kiingereza. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka mmoja tu uliopita, na Orwell alichoshwa na lugha ya serikali na vyama iliyofunika mauaji kwa maneno laini. Kati ya kanuni sita alizotoa, moja ilikataza kauli ya kutendwa popote pale ya kutenda inapowezekana. Baadaye zikaja harakati za lugha nyepesi: Plain English Campaign ya Uingereza ilianza mwaka 1979, na mwaka 1998 mamlaka ya soko la mitaji ya Marekani ilitoa mwongozo ulioyataka makampuni yawaandikie wawekezaji kwa kauli ya kutenda.

Sayansi ilipita njia yake. Jarida la Philosophical Transactions lilipoanza London mwaka 1665, waandishi wake walisimulia kwa "I": nilichemsha, niliona, nilipima. Kadiri sayansi ilivyokuwa kazi ya taasisi, mtafiti alijiondoa kwenye sentensi, kwa hoja kwamba jaribio linapaswa kutoa jibu lilelile yeyote akilifanya. Leo upepo umegeuka tena, na majarida ya Nature huwaambia waandishi kwamba yanapendelea kauli ya kutenda. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA, iliyochapishwa humohumo, ilianza kwa "We". Msimamizi anayekataza "I" kwa jina la sayansi anashikilia desturi ya kipindi kimoja tu.

Wanaoikataa: nguvu na udhaifu wa hoja zao

Hoja yao yenye uzito kuliko zote ni uwajibikaji. Tuchukue mkataba wa nyumba ulioandikwa "The roof shall be repaired within thirty days". Paa likivuja, mwenye nyumba atasema fundi ni wa mpangaji, na mpangaji atasema paa ni la mwenye nyumba. Wote wawili wamesoma sawasawa, kwa kuwa sentensi haikumtaja anayewajibika. "The Landlord shall repair the roof" ingewaokoa na kesi. Katika siasa mfano maarufu ni "mistakes were made". Rais Ronald Reagan alitumia maneno hayo mwaka 1987 alipozungumzia kashfa ya kuiuzia Iran silaha. Makosa yalitajwa, waliokosea hawakutajwa. Mchambuzi wa siasa William Schneider aliitania sentensi hiyo kwamba Kiingereza kimepata wakati mpya wa kitenzi, wakati uliopita wa kujisafisha.

Hoja yao ya pili ni wepesi. "The decision was taken by the committee" ina maneno saba. "The committee decided" ina matatu. Ripoti ya kurasa arobaini iliyojaa sentensi za namna ya kwanza humchosha msomaji, na baada ya kurasa chache hajui tena nani anafanya nini.

Udhaifu wao unaanza pale wanaposhindwa kuitambua kauli wanayoikataza. Mwanaisimu Geoffrey Pullum alionyesha mwaka 2009 kwamba katika mifano minne ambayo kitabu cha Strunk na White kinaitoa kwenye sehemu hiyo, ni mmoja tu ulio kauli ya kutendwa. Orwell naye hakuishi kwa kanuni yake: sentensi ya kwanza kabisa ya insha yake ina kauli ya kutendwa, na nyingine zinafuata mle ndani. Amri ambayo hata mtoaji wake haitekelezi huenda iliandikwa kwa haraka.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kudhani kwamba kauli ya kutenda humfichua mtenda. Linganisha vichwa vitatu vya habari: "Police shoot man dead", "Man shot dead by police" na "Man dies in police shooting". Cha pili ndicho kauli ya kutendwa, ingawa magazeti yameidondosha "was" kama kawaida yao, na polisi wametajwa wazi. Cha tatu ni kauli ya kutenda, na humo mtu amekufa tu, kana kwamba kwa homa. Aliyefyatua risasi amemezwa ndani ya jina "shooting". Mhariri anayewinda "was" angekiacha cha tatu kipite.

Au tuchukue sentensi ya vitabu vya historia, "The British built the Uganda Railway". Ni kauli ya kutenda, fupi, na kiima kipo. Lakini nani alibeba mataruma? Kati ya mwaka 1896 na 1901, reli ilipokuwa ikitoka Mombasa kuelekea Kisumu, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India ya Waingereza, na takriban 2,500 walifia kazini. Sentensi ile haina "was" hata moja, na bado imewafuta wote.

Wanaoitetea: nguvu na udhaifu wa hoja zao

Watetezi wanaanza na swali jingine: sentensi inamzungumzia nani? Kila mtu huandika "I was born in Tanga", kama anavyosema "nilizaliwa Tanga". Hiyo ni kauli ya kutendwa katika lugha zote mbili, na hakuna mhariri aliyewahi kudai "My mother bore me in Tanga", kwa kuwa habari ni ya mtoto na mama anafahamika. Vivyo hivyo tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akisifiwa na nani? Haijalishi. Methali inamhusu mgema, na ukimleta msifu utaiharibu.

Hoja ya pili ni mtiririko wa aya. Msomaji hufuata vizuri zaidi pale sentensi inapoanza na anachokijua na kumalizika na kipya. Tazama: "The Uganda Railway begins at Mombasa. It was built between 1896 and 1901, largely by labourers brought from India." Reli imetajwa katika sentensi ya kwanza, kwa hiyo ya pili inaanzia kwayo. Vibarua, ambao ndio habari mpya, wanasimama mwishoni, mahali penye uzito. Kauli ya kutendwa imewarudisha watu ambao kauli ya kutenda iliwafuta. Ukilazimisha kutenda, sentensi ya pili itaanza na vibarua wasiotarajiwa na reli itajikuta katikati ya njia.

Hoja ya tatu ni kwamba pengine mtenda hajulikani au hana umuhimu. "The shop was broken into last night" ni sentensi ya kweli. "Somebody broke into the shop" inaongeza neno lisiloongeza habari.

Udhaifu wa watetezi ni kwamba ruhusa yao hugeuzwa kichaka. Karani anayeandika "It was decided that" hana mada anayoilinda. Anamkinga bosi wake. Mtafiti anayeandika "It is believed that" anatuacha tukijiuliza kama imani ni yake, ya wenzake au ya watu wa mtaani. Kauli hii pia huzaa sentensi zisizo na mwenyewe. Katika "Having washed our hands, the food was served", kwa sarufi ya Kiingereza chakula ndicho kilichonawa mikono. Watetezi wanajua hatari hizi, lakini wanapokuwa na shauku ya kumsuta Strunk huzitaja kwa sauti ya chini.

Mswahili mbele ya kauli hii

Pande zote mbili zinazungumza kana kwamba msomaji amezaliwa na Kiingereza. Mswahili anaingia na ghala pana zaidi. Ana kutendwa, ana kutendewa, ana kutendeka, na kila moja ina mlango wake. Kiingereza hulazimika kugawa kazi hizo kwa njia nyingine, na hapo ndipo makosa yetu mengi yanapozaliwa.

Anza na kutendewa. Asha ameibiwa simu, na mtu anaandika "Asha was stolen her phone". Kosa lina mantiki yake, kwa kuwa "Asha was given a book" ni sahihi, sawa na "Asha alipewa kitabu". Lakini "give" humkubali mpokeaji awe kiima, na "steal" huikubali mali tu. Ni simu inayoibwa: "Asha's phone was stolen". Ukitaka Asha abaki mbele, sema "Asha had her phone stolen", au badili kitenzi, "Asha was robbed". Vivyo hivyo "amefiwa na baba yake" haina njia ya moja kwa moja, kwa sababu "die" haina kauli ya kutendwa. Kiingereza husema "Her father has died" au "She has lost her father". Kwa sababu hiyohiyo "The accident was happened" ni kosa: "happen" haipokei kutendwa, kama nasi tusivyosema "ajali ilitokewa".

Kisha kuna "na". Kwetu neno hilo moja ni la mtenda na pia ni kiunganishi, na wengine hulisogeza hata kwenye kifaa. Kiingereza hutenganisha: mtenda huchukua "by", kifaa huchukua "with". Mlango uliofunguliwa na Juma kwa ufunguo ni "opened by Juma with a key".

Lililo zito zaidi ni kutendeka. Kikombe kimevunjwa: yupo aliyekivunja, na mama ataanza kuuliza. Kikombe kimevunjika: kimepatwa na kuvunjika, na mtoto aliyesimama pembeni anapumua. Tofauti hiyo ya kiambishi kimoja Kiingereza huipeleka mahali pengine. "The cup was broken by someone" inakaribia "kimevunjwa". "The cup broke" ndiyo "kimevunjika", nayo kwa sarufi ya Kiingereza ni kauli ya kutenda. "The cup is broken" inaweza kubeba zote mbili.

Kwa hiyo Mswahili anayetaka kukwepa lawama hakimbilii kutendwa. Kiongozi wetu husema "makosa yalifanyika", si "yalifanywa", maana "yalifanywa" inaita "na nani?" kabla hajashuka jukwaani. Fedha nazo zilipotea, gari liliharibika, faili halikuonekana. Kutendeka hakukuumbwa kwa ajili ya ulaghai; maji yakimwagika hayazoleki, na methali haina haja ya kumtafuta aliyeyamwaga. Lakini ndiko kichaka chetu kilipo, na mfasiri akiipeleka "makosa yalifanyika" kwa "mistakes were made" anawaletea wasomaji wa Kiingereza sentensi wanayoishuku tayari.

Utafiti unaunga mkono hofu hii, na unaielekeza kwingine. Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha mwaka 2010 majaribio ambamo watu walisoma maelezo ya ajali yaliyotofautiana kwa kitenzi tu: fulani alilichana vazi, au vazi lilichanika. Waliosoma umbo la kwanza walilaumu zaidi na walitaka faini kubwa zaidi, hata pale walipoitazama video ya tukio lenyewe. Kilichopunguza lawama humo hakikuwa kauli ya kutendwa, ambayo Strunk na Orwell waliipiga vita. Kilikuwa "The costume ripped", kauli ya kutenda kwa Kiingereza, kutendeka kwa Kiswahili.

Kupima

Ukiziweka hoja mizanini, wanaoikataa wameona tatizo la kweli na kulibandika jina lisilo lake. Tatizo ni mtenda anayefichwa pale msomaji ana haki ya kumjua, na mtenda hufichika kwa kutendwa, kwa kutendeka, kwa jina kama "shooting", hata kwa kiima kikubwa kama "the British". Watetezi nao wana haki juu ya mtiririko wa habari, lakini mtiririko mzuri hauondoi deni la kumtaja anayewajibika.

Kila chaguo lina gharama. Kutenda kunakupa wepesi na kunaweza kukuvunjia aya, kwa kuwa kila sentensi italeta kiima kipya. Kutendwa kunashikilia mada na kunaweza kumwacha mtenda nje ya mlango. Uzito hubadilika kwa aina ya maandishi. Katika mkataba na sheria uwajibikaji uko juu ya kila kitu, na mtenda atajwe hata kama sentensi itachakaa. Katika maelezo ya maabara, "The water was heated to 80 degrees" inatosha, maana maji ndiyo habari. Penye uamuzi wa mtafiti, kama kuacha data fulani nje, "We excluded" ni ya haki zaidi. Katika habari ya kifo au wizi wa mali ya umma, mtenda anayejulikana lazima awemo kwenye sentensi, mbele au nyuma ya "by".

Kwa muhtasari

Kauli ya kutendwa ya Kiingereza ni "be" pamoja na umbo la tatu la kitenzi, mtenda akiwa nyuma ya "by" au akiachwa. Kuwepo kwa "was" hakuithibitishi, na mistari ya programu ya sarufi ni ya kuchunguzwa kabla ya kutiiwa. Amri ya kuifuta yote ilizaliwa katika karne ya 20 kutokana na hasira ya haki dhidi ya lugha ya ukwepaji, na amri ya kujificha nyuma yake kwa jina la sayansi imeshaachwa na majarida makubwa ya sayansi yenyewe.

Anayeandika Kiingereza akitokea Kiswahili anafaa kujiuliza maswali matatu mbele ya kila sentensi anayoishuku: nazungumzia nini hapa, msomaji anahitaji kumjua mtenda, na je, kitenzi hiki cha Kiingereza kinakikubali kiima nilichokipa? La kwanza litamwambia nini kianze, la pili litamwambia nini kisikosekane, na la tatu litamwokoa na "I was stolen". Mawili ya kwanza yeye ameshayafanyia mazoezi tangu utotoni, siku aliyosimama mbele ya mama na vigae vya kikombe miguuni, akichagua kati ya "kimevunjwa" na "kimevunjika".